Je, Kukataa Dawa ni Kukata Tamaa?



Ndugu wasomaji, swali lililo hapo juu si langu. Niliulizwa na mzee mmoja, fundi wa gereji pale Buyenzi, baada ya swala ya Isha, tukiwa bado tunatafuta viatu vyetu mlangoni mwa msikiti. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, aligongwa na pikipiki mwaka jana akitoka madrasa. Alilala bila fahamu kwa wiki kadhaa. Baadaye akafumbua macho, lakini macho yale hayamfuati mtu. Humeza uji akilishwa taratibu, hushtuka mlango ukibamizwa, na mkono wake wa kulia umejikunja kifuani haukunjuki. Mara mojamoja hupatwa na degedege. Tangu siku ile hajatamka neno.

Mzee alitoa simu akanionyesha video aliyotumiwa na shemeji yake aliyeko Ubelgiji. Mtu aliyelala kama gogo anapewa kidonge, na baada ya muda mfupi anazungumza na jamaa zake. Jina la dawa limeandikwa chini.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe unasomea udaktari. Dawa hii naweza kuipata, bei nimeshaambiwa. Nikimpa mtoto ikamdhuru, nitajibu nini mbele ya Mwenyezi Mungu? Na nisipompa, si nitakuwa nimekata tamaa na rehema Yake? Mama yenu hataki hata kuisikia. Anasema amechoka kutumainishwa."

Nilimwomba muda nikaulize. Nimeuliza wanaojua tiba na wanaojua dini, nimesoma nilichoweza kusoma, na ninaandika hapa kwa sababu naamini wengi wetu tutaulizwa swali hili nyumbani, hata wale wanaosoma sheria au uhandisi. Ukishaingia chuo kikuu, mtaani wewe ni mwenye elimu, na watu hawakuulizi kitivo. Mimi si shekhe na bado sijawa daktari. Nifikiri pamoja nanyi tu.

Kwanza, mambo ya aina ile si uzushi wote. Mwaka 1994 kijana mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa akiendesha baiskeli aligongwa na lori. Alibaki katika hali ambayo macho hufumbuka lakini mtu hana habari na ulimwengu. Mwaka 1999, baada ya miaka mitano hivi, alionekana hatulii kitandani, anashikashika godoro. Daktari wa familia, Wally Nel, wa mji wa Springs mashariki mwa Johannesburg, alimwandikia zolpidemu, dawa ya usingizi ya kawaida kabisa. Ilitarajiwa alale. Kabla ya nusu saa kupita alitoa sauti, kisha akamsalimia mama yake. Baada ya saa chache dawa ikaisha nguvu na akarudi alikokuwa. Kesho yake akapewa tena, akaamka tena. Nel na mwenzake Ralf Clauss waliandika habari hizo katika majarida ya tiba, na mwaka 2006 wakaeleza wagonjwa watatu wa namna hiyo.

Dawa ya kulaza ikaamsha. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura At-Talaq kwamba anayemcha humruzuku kwa njia asiyoitazamia, na msomaji mwenye imani akisikia kisa hiki moyo wake hukimbilia huko moja kwa moja. Simlaumu. Maelezo ambayo watafiti wengi wanayaegemea ni kwamba sehemu ya ubongo iliyonyamaza si lazima iwe imekufa. Huenda imezimwa tu na mshtuko wa sehemu za jirani, na dawa ile, kwa baadhi ya watu, huondoa kile kinachoizima.

Zolpidemu haiko peke yake. Amantadini ilianza kama dawa ya mafua makali. Katika miaka ya 1960 mwanamke mmoja aliyekuwa na maradhi ya kutetemeka ya Parkinson aliimeza kujikinga na mafua, akaona mikono inatulia. Madaktari wakamsikiliza, na leo inatumika kwa maradhi hayo. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 184 wenye umri wa miaka 16 hadi 65 walioumia ubongo na kubaki bila fahamu au na fahamu kidogo sana. Kwa wiki nne, waliopewa amantadini walipata nafuu haraka kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliposimamishiwa dawa, mwendo wao ulipungua, na wiki mbili baadaye makundi mawili yalikuwa karibu kulingana.

Kwa hiyo daktari anayemkatiza mzazi kwa kumwambia "hayo ni mambo ya mitandao, mzee, nenda nyumbani" hakusema kweli yote. Na mzazi naye hajaona kweli yote, kwa sababu video humwonyesha aliyeamka. Hakuna anayerekodi na kusambaza video ya mgonjwa aliyepewa kidonge akabaki vilevile. Mwaka 2014 timu ya John Whyte huko Marekani ilitoa matokeo ya wagonjwa 84. Kila mmoja alipewa zolpidemu siku moja na kidonge kitupu siku nyingine, na waliokuwa wakiwaangalia hawakujua ipi ni ipi. Walioonyesha mabadiliko ya wazi walikuwa 4, na watafiti hawakuona dalili ya kumtambua mapema atakayeitikia. Wanne si sifuri, lakini waliobaki 80 nao walikuwa na mama na baba.

Sasa turudi kwenye dini, kwa sababu mzee hakuniuliza asilimia.

Wengi tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na tiba yake. Huandikwa kwenye mabango ya maduka ya dawa za asili, huandikwa hata kwenye chupa za mafuta ya habati sauda. Ninayoikosa kwenye mabango hayo ni nyongeza iliyomo katika Musnad ya Imamu Ahmad: kwamba tiba hiyo yuko anayeijua na yuko asiyeijua. Na katika Sahih Muslim Mtume (S.A.W.) anafundisha kwamba dawa ikiyapata maradhi yake ndipo mtu hupona kwa idhini ya Allah. Sharti ni dawa na maradhi vikutane. Hadithi inanipa yakini kwamba tiba ipo. Hainipi yakini kwamba ndiyo hii niliyoishika mkononi.

Imamu Ghazali, katika kitabu cha tawakkul ndani ya Ihya, anazigawa sababu zinazoondoa madhara mafungu matatu. Kuna sababu za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha si tawakkul, na panapohofiwa kifo kuziacha ni haramu. Kuna sababu za dhana yenye nguvu, nazo ni tiba zinazojulikana kwa waganga; kuzitumia hakuharibu tawakkul, na kuziacha si haramu. Kuna na sababu za kuwaziwa tu, zisizo na msingi wa kutegemewa, na huko ndiko mtu hukimbilia akiwa ameishiwa. Mgao huu niliusoma nikaona umenisaidia kuliko makala nyingi. Chakula na maji anavyopewa mtoto yule kwa kijiko, saa nzima kila mlo, ni fungu la kwanza. Kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumnyoosha viungo, kumpa dawa yake ya degedege kwa saa yake, ni fungu la pili, na baadhi yake yanakaribia la kwanza. Kidonge cha kwenye video, kwa mtoto wa miaka tisa, kiko wapi? Majaribio ya amantadini niliyoyataja hayakuwa na mtoto wa umri wake hata mmoja. Kwa zolpidemu, hata kwa mtu mzima tunazungumzia wanne kati ya 84. Naona kiko mpakani, baina ya fungu la pili na la tatu.

Ikiwa ni hivyo, anayekiacha hajaacha wajibu. Na hajakata tamaa vilevile. Kukata tamaa ni kuamini jambo juu ya Mwenyezi Mungu: kwamba hawezi, au amesahau, au mlango wa rehema Yake umefungwa. Kukataa kidonge ni kuamini jambo juu ya kidonge. Mambo haya mawili tumeyachanganya, na mchanganyiko huo unawaumiza wazazi. Mama wa mtoto yule anaamka usiku kumgeuza mwanawe ubavu. Kabla ya kumlisha husema Bismillah kwa sauti ili mtoto asikie, ingawa hajui kama anasikia. Halafu anaambiwa imani yake ni ndogo kwa sababu hataki kununua dawa ya video! Mimi sijaona mwenye matumaini kumzidi.

Tazama kisa cha Nabii Ya'qub (A.S.). Alipoteza mwana, akalia mpaka macho yakawa meupe, na bado akawakataza wanawe kukata tamaa na rehema ya Allah. Mwisho uoni wake ukarudi kwa kanzu iliyorushwa usoni mwake, sababu ambayo hakuna tabibu angeifikiria. Watu husimulia kanzu. Lakini Ya'qub hakuwatuma wanawe wakatafute kanzu. Aliwatuma wakamtafute Yusuf na ndugu yake, kwa kuuliza, kwa miguu, kwa njia za kawaida. Kanzu ilikuja yenyewe, kutoka kwa aliyejua anachokituma.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba dawa hiyo, kama haimfai mtoto, basi haina ubaya. Hapo ndipo inabidi twende Kilifi, pwani ya Kenya.

Malaria inayopanda kichwani hutuumizia watoto wengi wa Afrika. Utafiti uliofanywa Kampala, hospitali ya Mulago, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba takriban robo ya watoto waliopona malaria hiyo walikuwa bado na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. Degedege ni moja ya mambo yanayoogopesha zaidi katika maradhi hayo, na fenobabitoni ni dawa ya zamani, rahisi, inayojulikana kutuliza degedege. Nani angeinyima mtoto? Watafiti wa Kilifi waliwapa watoto 340 waliolazwa, nusu sindano moja ya fenobabitoni, nusu sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa 18 upande wa dawa na 46 upande wa pili. Dawa ilifanya kazi. Kisha wakahesabu waliofariki: upande wa dawa 30, upande wa pili 14. Watoto walitulia, na wakafa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Yaelekea dawa ilipunguza pumzi za watoto waliokuwa tayari wanahema kwa shida.

Mzazi aliyeketi kando ya kitanda kule angeapa kwamba dawa inamsaidia mwanawe, na kwa macho yake angekuwa anasema kweli. Ndiyo maana Abu Dawud amepokea hadithi inayomfanya dhamini yule anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba. Nia njema haikumtoa kwenye dhamana. Na dawa ya usingizi, kwa mtoto aliyeumia ubongo ambaye tayari anameza dawa nyingine ya degedege yenye kulevya, si peremende.

Mtu atasema: basi avumilie tu, kama yule mwanamke aliyepatwa na kifafa. Hadithi yake iko katika Bukhari na Muslim. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akaomba dua apone. Mtume akampa hiari: akitaka atasubiri na malipo yake ni Pepo, akitaka atamwombea apone. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke mwili akianguka. Wanachuoni wameitumia hadithi hii kuonyesha kwamba kujitibu si lazima katika kila hali.

Nimesikia hadithi hii ikisomwa kwa wazazi wa wagonjwa mara nyingi, na kila mara naona kitu kimerukwa. Mwanamke yule alichagua mwenyewe. Mwili wake, kifafa chake, Pepo yake. Mtoto wa Buyenzi hajaulizwa kitu na hawezi kujibu. Subira ya baba ni ya baba. Hawezi kuitoa sadaka kutoka mwilini mwa mwanawe. Lakini jambo hili hukata pande zote mbili, na upande wa pili hatuupendi kuusikia: tumaini la baba nalo ni la baba. Hawezi kulijaribu ndani ya mwili wa mtoto kwa sababu tu yeye hawezi kulala. Mtoto ni amana. Mwenye kushika amana haruhusiwi kuiacha ioze, wala haruhusiwi kuicheza kamari. Anatakiwa aulize, kila mara: hili ninalotaka kulifanya linamtuliza nani, yeye au mimi?

Na mtoto huyo si amana pekee nyumbani. Kuna dada zake wawili wanaosoma. Mzee alikuwa ameshapata mteja wa mashine yake ya kuchomelea vyuma. Kuuza chombo cha kazi ili kununua fungu la kwanza la Ghazali ni wajibu na heshima. Kukiuza kwa ajili ya kitu cha mpakani, watoto wengine wakakaa nyumbani bila ada, ni jambo linalohitaji kufikiriwa na zaidi ya mtu mmoja, na mchana, si usiku baada ya kutazama video.

Hata hivyo sikutaka kumwambia mzee "acha." Wale wanne kati ya 84 wananikataza. Aliyeamka Springs aliamka kwa sababu mtu alikuwa karibu akaona, akaandika, akampa tena kesho yake kuona kama jambo lile litajirudia. Huko ndiko kufunga ngamia, katika mambo kama haya. Tulikwenda pamoja, mzee, mkewe na mimi, kwa daktari wa watoto anayemfuatilia. Nilihofia atatufukuza. Alitazama video yote, mpaka mwisho, kisha akamwambia mzee: "Siwezi kukuambia haiwezekani." Mama akainamisha kichwa.

Halafu akaeleza. Kwa sasa hatampa, kwa sababu ya degedege na kwa sababu ya dawa anazotumia. Ikiwa siku moja jambo hilo litafaa kujaribiwa, litajaribiwa wodini, si nyumbani, kwa kipimo chake, pumzi zikiangaliwa, na wataalamu wenzake wakiwa wamekubali. Akaongeza jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini. Ubongo wa mtoto, katika mwaka wa kwanza na wa pili baada ya ajali, mara nyingi bado unajisogeza wenyewe kidogokidogo. Ukimpa dawa kipindi hiki na akabadilika, utaisifu dawa kwa kazi ambayo hukuijua. Utaendelea kuinunua maisha yako yote. "Kwanza nijue anafanya nini bila dawa," alisema. "Mwandike. Kila siku, saa ileile: akiitwa jina anafanya nini, akiguswa mkono, akisikia Qur'an, akisikia sauti ya dada zake. Kilichotokea tu, si mnachotamani kitokee."

Mzee hakufurahi. Njiani alinyamaza mpaka tukafika daraja la mto Ntahangwa. Mama ndiye aliyezungumza, akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu ajali mtu kumpa kazi ya kufanya asiyoijua mwisho wake na isimtishe.

Mashine ya kuchomelea haijauzwa. Daftari limefika ukurasa wa ishirini na moja. Anaandika mama, kwa kuwa mwandiko wa mzee hausomeki, ila mzee husimama nyuma yake na kubishana kama kidole kilisogea au hakikusogea. Kurasa nyingi zinasema "hakuna." Mbili zinasema kidole gumba, sauti ya dada mdogo. Miadi yao na daktari ni wiki moja baada ya Idi. Tuwakumbuke katika dua.